Karatasi, karata, kadi, karte

Ukiniuliza ni bidhaa gani inayotoka kila siku dukani kwangu, nitakutajia rimu ya karatasi. Madaftari yana msimu wake, Januari na Julai shule zikifunguliwa. Kalamu watu hununua mojamoja. Rimu haina msimu: watu wa fotokopi wanachukua, walimu wanachukua mitihani ikikaribia, makanisa, misikiti na ofisi za kata zinachukua. Katoni moja ina rimu 5, kila rimu karatasi 500, saizi ya A4 ya gramu 80. Ukiibeba begani kutoka stoo hadi kaunta utajua ni kilo 12 na zaidi.

Nimeuza vifaa vya shule na ofisi hapa Kigoma kwa miaka mingi, tangu nilipomfuata mume wangu aliyeletwa na kazi ya reli. Ni humu dukani nilipojifunza kwamba maneno hayo mawili, rimu na karatasi, yalipishana njiani kabla ya kufika kwetu. Rimu asili yake ni Kiarabu, rizma, yaani furushi. Wahispania walilichukua wakasema resma, likapita kwa Wafaransa, likafika kwa Waingereza, na kwa Waingereza ndiko tulikolipata sisi. Karatasi ilikwenda kinyume chake. Wagiriki wa kale walisema khartes, Waarabu wakalipokea wakasema qirtas, na Waarabu ndio waliolifikisha pwani yetu. Kwa hiyo mteja anaponiambia "nipe rimu ya karatasi," neno la kwanza ni la Kiarabu tulilopewa na Wazungu, na la pili ni la Kizungu tulilopewa na Waarabu. Siku nilipolielewa hilo nilimwita kila aliyekuwamo dukani nimsimulie.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na neno karatasi nilikutana na sura yake ya Kiarabu ningali mtoto. Chuoni tulifika Surat Al-An'am, na katika aya ya 7 nikasikia qirtas. Aya ile inaeleza kwamba hata lau Mtume angeteremshiwa maandishi katika qirtas, watu wakayagusa kwa mikono yao wenyewe, waliokufuru wangesema huu ni uchawi tu. Niliinua kichwa nikamuuliza Maalim kama wakati ule karatasi zilikuwapo. Hakunikemea kwa kukatiza. Alisema qirtas ya siku zile siyo hii yetu ya daftari. Ilikuwa ni kitu cha kuandikia kinachokunjika, na iliyojulikana zaidi ilitoka Misri, ikitengenezwa kwa mmea wa majini. Kisha akatuambia tuendelee kusoma.

Baadaye nilipata kujua kwamba Maalim alisema kweli tupu. Karatasi tunayoijua leo ilitoka China, na Waislamu waliipata katika karne ya 8, Samarkand kwanza, kisha Baghdad, yaani zaidi ya miaka 100 baada ya kuteremka kwa Qur'ani. Kitu kilibadilika, jina likabaki. Waarabu wa leo wakitaka karatasi ya kawaida husema waraq, neno ambalo asili yake ni majani ya mti, nasi tukalifanya waraka: waraka wa serikali, waraka wa Paulo kwa Warumi. Qirtas kwao imebaki zaidi ya vitabuni, isipokuwa mahali pamoja palipopendeza moyo wangu. Dada yangu anaishi Maskati, na siku moja alinitumia picha ya duka la mtaani kwao lenye kibao kilichoandikwa kwa Kiarabu: qirtasiyya. Ni duka kama langu, la kalamu, madaftari na mafaili. Sisi tunaliita steshenari, neno la Kiingereza, wakati tuna karatasi mdomoni siku zote. Wao wanasema waraq siku zote, na duka wakaliita kwa neno letu.

Karata ni habari nyingine, na hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo nilipoanza kulipenda jambo hili.

Mjomba wangu alikuwa na baraza maarufu mtaani kwetu. Baada ya sala ya alasiri wazee walikusanyika kucheza wahedi wa sitini, nami nilitumwa kuwapelekea kahawa na kashata. Sikuruhusiwa kukaa, lakini birika la kahawa halina haraka, na nilisikia yote: kopa, uru, shupaza, pau. Turufu ikitupwa, mkeka mzima unalipuka kwa kelele. Nilikuwa natazama majani yale ya karata nikishangaa. Kopa ni jani lenye alama ya moyo, mwekundu, dhahiri. Kwa nini lisiitwe moyo? Uru ni alama yenye pembe nne. Pau inafanana na ua la majani matatu. Hakuna jina hata moja lililoeleza kilichochorwa. Nilimuuliza mjomba. "Mwanangu," alisema, "hivyo ndivyo tulivyowakuta wazee wakiita."

Majina yote yale ni ya Wareno. Karata yenyewe ni carta. Kopa ni copas, vikombe, na ndugu yake ni kopo tunalonywea maji. Uru ni ouros, dhahabu. Shupaza ni espadas, panga. Pau ni paus, magongo. Hata turufu ni trunfo yao. Na sababu ya majina kutolingana na picha ni hii: karata za Wareno wa zamani zilichorwa kweli vikombe, sarafu za dhahabu, panga na magongo. Baadaye zikaenea karata za mtindo wa Kifaransa, zenye moyo na ua, na Wareno wenyewe wakazichezea kwa majina yaleyale ya kale. Wazee wa mjomba walirithi majina ya picha ambazo wao hawakupata kuziona.

Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593, na mwaka 1698 Waomani wakaiteka. Utawala wao huku kwetu ulikuwa wa mabavu, na wazee wa pwani hawakuwaombolezea. Lakini tazama walichoacha mdomoni mwetu: meza, leso, bendera, gereza, mvinyo, karata. Historia ya shule ilinifundisha vita vyao. Barazani kwa mjomba nikajifunza kwamba kati ya vita na vita kulikuwa na watu waliokaa pamoja hadi jua likazama, wakihesabu kopa na shupaza.

Basi carta ya Wareno imetoka wapi? Imetoka kwa Kilatini, charta, na Walatini walilichukua kwa Wagiriki: khartes ileile. Karatasi na karata ni ndugu wa damu. Mmoja alipitia kwa Waarabu, mwingine kwa Wareno, wakakutana Tanga bila kujuana.

Halafu wakaja Waingereza na kundi zima. Kadi, kutoka card. Katoni, kutoka carton. Chati, kutoka chart. Katuni, kutoka cartoon, ambayo asili yake ni cartone ya Kiitaliano, karatasi nene na kubwa ambayo wachoraji walichorea mfano wa picha kabla ya kuipaka ukutani. Na katriji, ile ya wino wa printa. Hii ya katriji ilinichukua muda kuiamini. Wataliano waliita cartoccio karatasi iliyoviringishwa kama ile ya muuza karanga, na askari wakawa wanafunga baruti na risasi ndani ya karatasi ya namna hiyo, wanaichana kwa meno na kuimimina ndani ya mtutu. Wafaransa wakasema cartouche, Waingereza cartridge, kisha jina likahamia kwenye kitu chochote kidogo kinachojazwa na kuchomekwa ndani ya kingine. Leo nachomeka katriji kwenye printa ili ichape karatasi, na vyote viwili vina jina la babu mmoja.

Sasa sikiliza herufi r, kwa maana ndiyo inayotoa siri. Karatasi ina r. Karata ina r. Kadi haina, katoni haina, katuni na chati hazina, na katriji imepoteza ile ya kwanza. Kwa nini? Mwarabu na Mreno huitamka r yao wazi, ulimi unapiga. Mswahili akiikuta r imebanana na konsonanti nyingine humwekea irabu katikati ili ipumue: qirtas ikawa ka-ra-ta-si, carta ikawa ka-ra-ta. Mwingereza wa kusini mwa kwao, ambaye ndiye aliyetufundishia mashuleni na maofisini, huimeza r hiyo. Anaandika card lakini anatamka kaad. Sikio la Mswahili likaandika lilichosikia, kadi. Lau tungelipata neno hilo kwa kulisoma tu kwenye karatasi, huenda leo tungesema karadi. Kwangu huo ni ushahidi kwamba maneno haya yalipokewa kwa masikio, mtu na mtu, dukani, bandarini, kazini.

Na kila moja lilipewa kazi yake. Kadi ya kliniki, kadi ya gari, kadi ya mchango wa harusi, kadi nyekundu uwanjani: hakuna Mswahili atakayesema karatasi nyekundu. Karata ni mchezo. Chati ni ile ya ukutani ya herufi au ya mwili wa binadamu. Nimewahi kusikia wasomi wakilalamika kwamba kukopa hivi ni dalili ya umaskini wa lugha. Mimi naona Kiswahili kilipokea neno moja mara nyingi na kila mara kikalitafutia kazi ambayo haikuwa na mwenyewe. Wataliano wenyewe wana carta tu kwa karatasi na kwa karata.

Nilikuwa bado sijaunganisha haya yote siku alipoingia dukani bwana mmoja wa makamo, shati limepigwa pasi vizuri, amevuka Ziwa Tanganyika kutoka Kalemie, Kongo. Akasalimia, akasema, "Mama, uko na karte ya Afrika?"

Kijana anayenisaidia akacheka. "Mzee, kadi ya Afrika ndiyo ipi tena?"

Yule bwana akanyamaza, akatazama chini. Nilimtaka radhi, kisha nikamuuliza swali ninalomuuliza kila mteja: "Ya kufanyia nini, baba?" Akasema yeye ni mwalimu, anataka ya kutundika ukutani, watoto waone nchi na mito. Nikateremsha ramani kutoka rafu ya juu, ile yenye fito juu na chini. Aliikunjua juu ya kaunta, akazikandamiza pembe kwa viganja, na jambo la kwanza akatafuta ziwa letu. Akaweka kidole Kalemie, akakivusha maji hadi Kigoma, akatabasamu. "Karte muzuri," akasema, akalipa.

Alipoondoka nilimkalisha yule kijana. Sikumkaripia, nilimweleza. Karte ya mwalimu yule ni carte ya Kifaransa, aliyoirithi kutoka enzi za Wabelgiji. Kwa Kifaransa carte ni kadi, ni ramani, ni karata za kuchezea, hata orodha ya vyakula hotelini. Carte hiyo na card ya Kiingereza ni mtoto na mjukuu wa charta moja. Babu zake walisikia kwa Mbelgiji, babu zetu wakasikia kwa Mwingereza. Sasa kipi hapo ni Kiswahili kibovu? Na ukitaka kusimama juu ya neno ramani kana kwamba ni la kwetu tangu enzi na enzi, nalo limesafiri: manahodha wa Bahari ya Hindi waliita rahmani vitabu vyao vya kuongozea vyombo, neno lililotokana na Kiajemi, rahnama, yaani kitabu cha njia.

Nasema hili kwa uchungu kwa sababu nimelishuhudia mara nyingi. Watu wa upande wetu wa ziwa tunawahi mno kumcheka Mkongo au Mrundi akisema Kiswahili chake. Anayecheka anadhani anatetea lugha. Hajauliza hata mara moja neno lile limetoka wapi, na pengine lake limetoka pale pale.

Baada ya siku ile nilianza kutega sikio. Wanafunzi kutoka Rwanda wakipita dukani husema ikarita, na wao humaanisha kadi au ramani, kama Wafaransa. Hiyo ina r, kwa kuwa Mfaransa anaisikizisha. Enzi meli ya Liemba ikitoka Kigoma kwenda Mpulungu na kurudi, nilipata wateja kutoka Zambia, na mama mmoja aliniomba bahasha ya kalata. Nilidhani ananunua karata za kuchezea. Nikauliza tena: ya kufanyia nini? Akanionyesha barua aliyokwisha kuiandika, imekunjwa mara nne. Kalata kwa Kibemba ni barua, na kwa Kichewa cha Malawi vilevile. Nalo ni neno la Wareno, maana carta kwao ni barua pia. Wa pwani tulichukua carta ya barazani, wa bara kusini wakachukua carta ya posta.

Mbali zaidi ya hapo nilifikishwa na katoni. Karatasi nyingine tunazouza hutoka Indonesia, na kwenye mzigo mmoja kulikuwa na maandishi ya kwao. Neno nililoweza kulisoma ni moja: kertas. Nilisimama na kisu cha kufungulia mkononi. Waindonesia nao walipata neno karatasi kwa Waarabu. Nilipofuatilia nikakuta pia wana kartu, kadi, na karcis, tiketi, hii ya mwisho kutoka kaartjes ya Waholanzi waliowatawala. Bahari ni moja, pepo za kaskazi na kusi ni zilezile, na kule mashariki nao wamelipokea neno hili kwa Waarabu kwanza na kwa Wazungu baadaye, kama sisi.

Lakini siyo kila kinachofanana ni ndugu. Fundi mmoja wa mihuri, rafiki yangu, alinishikilia kwamba karatasi imetokana na kukata, kwa sababu karatasi hukatwa. Kata ni neno letu la Kibantu, liko katika lugha nyingi za huku, na halihusiani kabisa. Silabi hizo -ra- na -si hapo hazina kazi ukianzia kwenye kata, wakati ukianzia kwenye qirtas kila sauti ina mahali pake. Nilimwambia tusome historia ya kitu chenyewe kwanza, kilitoka wapi na kililetwa na nani, ndipo tusikilize sauti. Alikubali nusu.

Kitu chenyewe, basi. Khartes ya Wagiriki ilikuwa jani la kuandikia lililotengenezwa Misri kwa mafunjo. Mashina yalimenywa, yakachanwa vipande vyembamba, safu moja ikalazwa wima na nyingine juu yake kwa kukingama, yakagandamizwa na kukaushwa. Wagiriki mmea huo waliuita papyros, ndipo Waingereza wakapata paper. Waliuita pia byblos, likawa jina la kitabu, na kutoka hapo tuna neno Biblia.

Na mafunjo hayo hayako Misri peke yake. Yako kwetu tele. Ukitoka Kigoma kuelekea Uvinza na kuendelea, bonde la mto Malagarasi limejaa mafunjo marefu kuliko mtu, yenye vichwa kama nywele zilizotimuka. Ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi ndiyo ya kwanza Tanzania kuingizwa katika orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu muhimu za dunia, mwaka 2000. Kinyarwanda huuita mmea huo urufunzo, na sikio lolote litasikia kwamba urufunzo na mafunjo ni neno moja, na hilo hatukulikopa kwa Mgiriki wala kwa Mwarabu. Mmea uliozaa khartes ulikuwa na jina lake la Kibantu. Jina la karatasi lilizunguka Misri, Ugiriki, Uarabuni na Ureno, likaja kutua umbali mfupi kutoka kwenye mafunjo yenyewe.

Yule kijana wangu sasa ana kazi mpya ambayo aliianzisha mwenyewe. Alichukua karatasi ya manila ya kijani, akaandika kwa maka pen nene, na kuibandika chini ya rafu ya juu: RAMANI · KARTE · IKARITA. Chini ya bahasha ameandika BARUA · KALATA. Wiki iliyopita mwanamke kutoka Uvira aliingia, akakisoma kibao, na bila kuuliza mtu akanyoosha mkono akaonyesha ile ya Afrika Mashariki yenye maziwa yote. Kijana alipanda ngazi kuiteremsha, huku akimuuliza kama kwao wana neno jingine la katoni, ili aliongeze.